Beseni Moja, Vipimo Viwili

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Abuku, wilayani Koboko, wakati wa mavuno ya karanga. Baba yangu mdogo ni mnunuzi wa mazao. Huzunguka vijijini kwa bodaboda, hununua karanga na ufuta kwa beseni, kisha huyapeleka mjini Koboko kuyauza. Sehemu kubwa ya karo yangu hutoka katika kazi hiyo, na kila likizo mimi humsaidia. Siku moja tulifika kwa mama mmoja mjane ambaye alikuwa ameanika karanga zake uani. Baba mdogo aliposhika beseni, yule mama alimzuia kwa upole, akanigeukia mimi. Akasema, "Pima wewe, mwanangu. Wewe unasoma dini."

Nikapima. Nilipima kama nilivyofundishwa tangu utoto: unajaza mpaka ukingoni, kisha unaendelea kuongeza huku ukizizuia karanga kwa kiganja zisimwagike, mpaka zisimame juu ya beseni kama paa la msonge. Hapo ndipo unapohesabu "moja". Tukalipa bei tuliyokubaliana, tukaombeana dua, tukaondoka. Kesho yake sokoni niliziuza karanga zile zile kwa beseni lile lile. Safari hii nilipitisha kijiti juu ya ukingo, zilizozidi zikarudi guniani, na hilo nalo nikalihesabu "moja".

Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimefanya mtihani wa tafsiri. Niliandika kurasa mbili juu ya Suratul Mutaffifin, na nikapata alama nzuri.

Swali ninalotaka tulifikirie pamoja ni hili: je, nilimdhulumu yule mama? Bei aliikubali mwenyewe. Beseni aliliona kwa macho yake. Ujazaji ule unajulikana kijiji kizima. Hakuna aliyesema uongo wala aliyeiba usiku. Dhulma iko wapi?

Aya inamsema nani

Tuanze na Qur'ani. Mwanzoni mwa Suratul Mutaffifin (sura ya 83), Mwenyezi Mungu (s.w.t.) anatoa onyo la adhabu kwa wanaopunja. Kisha anawaeleza kwa alama mbili: wanapojipimia kutoka kwa watu hutaka kipimo kamili, na wanapowapimia watu au kuwapimia kwa mizani huwapunguzia. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wake wakiwa wabaya sana katika vipimo, na baada ya sura hii kuteremka wakatengeneza upimaji wao.

Tuangalie alama hizo kwa makini. Kutaka haki yako kamili, peke yake, si dhambi. Anayelaumiwa ni yule mwenye kipimo kimoja kwa nafsi yake na kingine kwa wenziwe. Aya inazitaja hali mbili za mtu yule yule kwa sababu dhambi yake haionekani mpaka uziweke hali hizo ubavu kwa ubavu. Ukimtazama kijijini tu, utaona mnunuzi. Ukimtazama mjini tu, utaona muuzaji.

Biashara yetu ya Koboko iko hivyo hivyo. Mjane wa Abuku halioni beseni la mjini. Mteja wa mjini, ambaye huenda atazivusha karanga hizo mpakani hadi Sudan Kusini au Kongo, halioni beseni la kijijini. Anayeyaona yote mawili ni mfanyabiashara aliye katikati, na juu yake Mwenyezi Mungu. Pengine ndiyo sababu sura haikuendelea kwa kutaja hakimu wala msimamizi wa soko. Iliuliza kama watu hao hawafikirii kwamba watafufuliwa kwa ajili ya Siku iliyo kuu.

Wanachuoni wa lugha wamelihusisha neno mutaffif na kitu kidogo, kitu hafifu, kwa kuwa mpunjaji haibi gunia zima, anachukua kiasi ambacho mtu ataona haya kukigombania. Lakini sisi Waswahili tunasema haba na haba hujaza kibaba. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme mabeseni 5 yaliyojazwa kwa kilima yanatoa mabeseni 6 ya kusawazishwa. Mtu akinunua 50 vijijini, atauza 60 mjini. Yale 10 ya ziada yalilimwa na nani? Yupo mtu aliyeyapalilia, akayavuna na kuyaanika, na hakulipwa hata shilingi moja kwa ajili yake.

Mtu anaweza kusema kwamba anayeuza kwa kusawazisha hampunji mteja wa mjini, maana beseni lililosawazishwa limejaa. Ni kweli. Lakini ikiwa onyo limemfikia anayechukua kamili na kutoa pungufu, anayechukua zaidi ya kamili atajificha wapi?

"Hii ni desturi"

Nilimweleza baba mdogo mawazo haya. Alinisikiliza kwa utulivu, kisha akanijibu, "Mwanangu, hii ni desturi tuliyoikuta. Na hicho kilima cha juu ya beseni ndicho kinacholipa karo yako."

Jibu la karo nitalirudia. Hoja ya desturi ina uzito, na msomi wa fiqhi hawezi kuipuuza. Wanachuoni wetu wana kanuni kwamba ada ni yenye kuhukumu, yaani pale ambapo matini haikuweka kiwango, mazoea ya watu ndiyo yanayofasiri makubaliano yao. Ikiwa katika vijiji vyetu neno "beseni" linamaanisha beseni lenye kilima, basi aliyeuza beseni ameuza na kilima chake.

Waswahili wa pwani walizijua aina hizi mbili na kila moja waliipa jina. Kipimo kilichosawazishwa waliita kibaba cha mfuto, na kilichofurika waliita kibaba cha tele. Mtu akisema anachotaka, mwenziwe anajua. Hapo desturi ni ya haki, kwa sababu vitu viwili vina majina mawili na bei inaweza kufuata jina. Kwetu mambo ni tofauti. Vitu ni viwili na jina ni moja.

Kuna njia rahisi ya kujua kama tele yetu ni desturi kweli. Tumtazame yule mama anapokwenda dukani, hapo hapo kijijini, kununua unga wa muhogo. Je, anapimiwa tele? Hapana, anapimiwa mfuto, tena kijiti kinapita mara mbili. Halafu tumtazame baba mdogo anapofikiwa na mnunuzi mkubwa kutoka Arua mwenye lori. Je, anakubali karanga zake zipimwe kwa beseni la tele? Hakubali hata kidogo. Hapo anataka mizani, na anasimama karibu kuusoma mshale kwa macho yake.

Kwa hiyo tuna vipimo vitatu: tele kwa mkulima, mfuto kwa mteja, mizani kwa tajiri. Desturi inayobadilika kulingana na nguvu za aliye mbele yako si ile waliyoikusudia wanachuoni. Hayo ni mazoea ya mwenye nguvu, na wengine wameyanyamazia.

Wala si tatizo la West Nile peke yake. Tanzania ujazaji wa namna hii una jina lake, lumbesa: gunia linashonewa nyongeza juu ya mdomo, linabeba kupita kiasi chake, na mkulima analipwa gunia moja. Serikali imeupiga marufuku, na bado wakulima wanaulalamikia. Sheria peke yake haijatosha.

"Lakini amekubali"

Hoja ya pili ni ya ridhaa. Katika Suratun Nisaa aya ya 29, Mwenyezi Mungu anawakataza waumini kuliana mali kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Yule mama hakulazimishwa. Aliona, akauza, akapokea pesa.

Jambo hili lilinisumbua mpaka nikarudi kwake. Sikwenda kuhubiri. Nilikuwa nimekadiria nilichomzidishia, nikachukua thamani yake kutoka katika pesa zangu za matumizi nikampelekea, kwa sababu mkono ulioshika beseni ulikuwa wangu. Nilianza kumweleza kuhusu kilima, nikidhani namfunulia jambo. Akacheka. Akasema, "Najua, mwanangu. Sote tunajua. Nilidhani wewe utapima vingine. Ndiyo maana nilikuita wewe."

Ndugu msomaji, sijawahi kusikia darasa la fiqhi lililoniingia kama maneno hayo. Nilikuwa nimeshikilia kwamba kujua kwake ni kuridhika kwake. Kumbe alijua na hakuridhika. Aliuza kwa sababu ada ya shule ilikuwa inadaiwa, na mnunuzi mwingine angekuja na beseni la namna ile ile. Njia pekee aliyoiona ya kupata haki yake ilikuwa kumkabidhi beseni kijana anayesoma dini. Nami nikalijaza tele.

Sharia yetu inajua kwamba si kila "ndiyo" ni ridhaa. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kuupokea msafara wa bidhaa njiani kabla haujafika sokoni, na katika upokezi wa Muslim, mwenye mali aliyenunuliwa hivyo ana hiari ya kuuvunja mkataba akishafika sokoni. Mtu huyo naye alikuwa amekubali. Lakini alikubali bila kuijua bei ya soko, na hiari yake ikarudishwa mikononi mwake. Ikiwa asiyejua bei analindwa namna hii, tujiulize hali ya anayejua kila kitu lakini hana pengine pa kwenda.

"Gharama ni kubwa, na wenzangu watanimeza"

Hoja ya tatu ndiyo ngumu zaidi, nami sitaki kuipita haraka. Mfanyabiashara ana gharama. Barabara ya vumbi inakula matairi, magunia yananunuliwa, karanga zikikauka zinapungua uzito, nyingine zinaoza. Anasema kwamba kilima kinafidia hayo yote.

Gharama hizo ni za kweli, na faida ni halali. Uislamu haukuweka kiwango cha juu cha faida. Lakini mahali pa gharama na faida ni katika bei. Bei hutamkwa, husikika, na mkulima anaweza kubishana nayo. Mwambie kwamba unanunua kwa bei ya chini kwa sababu njia ni mbaya, na yeye ataamua. Ukiiweka faida yako ndani ya beseni, umeiweka mahali asipoweza kubishana nayo, kwa sababu mdomoni mmekubaliana "beseni moja".

Anayetaka kusema kwamba kupima sawasawa kabisa hakuwezekani, aisome Suratul An'aam aya ya 152. Mwenyezi Mungu anaamrisha kutimiza kipimo na mizani kwa uadilifu, na papo hapo anasema kwamba haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Aliyetuumba anajua kwamba mkono hutetemeka. Lakini kosa la mkono unaotetemeka huangukia pande zote mbili: leo linamfaidi muuzaji, kesho mnunuzi. Kosa ambalo kila siku linakufaidi wewe halitokani na mkono kutetemeka.

Unabaki ushindani. Tuseme mwenzangu anatangaza kwamba ananunua beseni kwa shilingi 20,000, naye anajaza tele. Mimi natangaza 18,000 kwa mfuto. Tukirudi kwenye mfano wetu, mabeseni 5 ya tele yatampa mkulima shilingi 100,000. Karanga hizo hizo, zikipimwa mabeseni 6 ya mfuto, zitampa 108,000. Bei yangu ni bora kwake. Lakini anachosikia mkulima ni 20,000 dhidi ya 18,000, na wengi watakwenda kwa mwenzangu. Kwa hiyo mwaminifu anaweza kweli kupoteza wateja kwa sababu ya uaminifu wake. Tusiwadanganye wazazi wetu kwamba ukiwa mkweli utatajirika haraka. Qur'ani haikuahidi hivyo.

Nabii Shuaib (a.s.) hakuzungumza na mchuuzi mmoja mmoja. Aliwaita watu wa Madyan wote, maana kipimo kibovu ni maradhi ya soko zima. Jibu lao limo katika Suratu Hud aya ya 87: walimuuliza kama swala yake ndiyo inayomwamrisha kwamba waache yaliyokuwa yakiabudiwa na baba zao, au waache kuzifanya mali zao watakavyo. Waliuliza kwa kejeli, lakini waliuona uhusiano ambao sisi tunausahau: mtu anayeswali hivi atatuuliza kuhusu mizani zetu.

Nasi tunauthibitisha uhusiano huo kila Ramadhani. Ukifika wakati wa Zakatul Fitri tunajadiliana kwa makini pishi moja ni kilo ngapi, tunakumbushana kwamba pishi ni mudi nne na mudi moja ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani. Tunaogopa kupunguza hata punje moja. Idd ikipita, viganja vile vile vinakwenda kuzuia karanga juu ya beseni.

Tufanye nini

Kwanza, tuanze na mikono yetu. Wengi wetu tunaosoma hapa tunatoka katika familia za wauzaji na wanunuzi, na likizo tunashika beseni, kikombe na mizani. Imepokewa kwa Tirmidhi na Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alinunua vazi, na alipokuwa analipa alimwambia mpimaji apime na azidishe, yaani upande wa muuzaji uwe mzito. Yeye ndiye aliyekuwa mnunuzi, naye akaielekeza ziada kwa mwenziwe. Sisi tumeigeuza sunna hiyo juu chini.

Pili, katika kisa hicho kulikuwa na mpimaji anayepima kwa ujira, si mnunuzi wala muuzaji. Jambo hili tunaweza kulifanya. Umoja wetu wa wanafunzi unaweza kuzungumza na maimamu wa nyumbani, na siku ya soko iwekwe karibu na msikiti mizani moja iliyokaguliwa na kupigwa muhuri wa shirika la viwango la taifa, UNBS, pamoja na mtu wa kupima kwa malipo madogo. Mkulima akishajua kilo zake, bei ya 20,000 kwa tele haitamchanganya tena, na mnunuzi mwaminifu hatapoteza kwa uaminifu wake.

Tatu, tusidhani sura hii ni ya wenye mabeseni tu. Imam Malik katika Muwatta ametaja kwamba kila kitu kina kutimizwa kwake na kupunjwa kwake. Anayedai alama kamili za kazi ya kikundi ambayo hakuifanya amepunja. Anayetaka alipwe deni lake leo leo, na anachodaiwa anakiahirisha mpaka mwezi ujao, amepunja.

Nimeahidi kurudi kwenye karo. Baba mdogo alisema kweli: kilima kimenisomesha. Sijui mabeseni mangapi ya watu wa Abuku yamo katika cheti nitakachopewa. Tumefundishwa kwamba toba ikihusu haki ya mja haikamiliki mpaka haki irudishwe kwa mwenyewe. Kwa yule mama nimeweza. Kwa wengine siwajui wote, na lililobaki ni kuwaombea, kuwatolea sadaka na kuacha. Sikumshutumu baba mdogo, na hakuna anayestahiki kushutumiwa na kijana anayekula jasho lake. Nilimwomba jambo moja tu: popote nitakaposhika mimi beseni, niruhusiwe kutumia kijiti kijijini kama tunavyokitumia mjini. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi tutashusha bei kidogo." Nikamwambia, "Tushushe, baba, ila tuwaambie."

Nabii Shuaib aliwaambia watu wake, katika aya ya 86 ya Suratu Hud, kwamba kile anachowabakishia Mwenyezi Mungu ni bora kwao ikiwa ni waumini. Kijiti kikipita juu ya ukingo, kinachobaki ndani ya beseni ni kidogo kuliko tulichozoea. Hicho ndicho kilichosemwa kuwa ni bora.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kipimo kimoja kwa nafsi zetu na kwa waja wako, uwaruzuku wazazi wetu halali yenye baraka, na usiijaalie elimu yetu kuwa hoja dhidi yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.